Pete Yenye Mapengo Matatu

Siku Shiundu alipofukuzwa ukutani alikusanya spana zake, pampu na kopo la mafuta, akavitia ndani ya gunia, kisha akautazama kila uso uliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ulikuwa uso wa Muasya. Huo aliukawilia.

Ukuta wenyewe ni wa tangi la maji pale mtaani Ziwani. Kila Jumamosi asubuhi waendesha baiskeli wa mikate, maziwa na maji huzipanga baiskeli zao hapo zikaguliwe. Shiundu alikuwa amekaa chini ya ukuta huo miaka kumi na tisa. Alikuja Nairobi kutoka Butere na cheti cha kidato cha nne, akatafuta kazi ya karani asiipate, akaangukia kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa baiskeli. Ukarani haukumtoka. Kila gurudumu lililopita mikononi mwake aliliandika daftarini: alama za ringi, spoki ngapi amebadilisha, amefungua nini na nini hakukifungua. Wenzake walimwita karani wa magurudumu. Yeye hakuona ubaya, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa.

Muasya alikuwa fundi wa pili hapo, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Watu walimpenda kwa sababu hakumkawiza mtu. Ukifika na kelele kwenye gurudumu, unaondoka bila kelele, na huulizi zimekwenda wapi.

Ugomvi wao ulianza na baiskeli ya Bi Fatu, mama wa mahamri. Ilikuwa baiskeli ya zamani yenye giya, na kila alfajiri mpwa wake Hanif aliiendesha kwenda kugawa mahamri katika vibanda vya Jogoo Road hadi Makadara. Bi Fatu alikuwa na sharti moja, baiskeli hiyo isiguswe na fundi yeyote ila Shiundu. Basi alfajiri moja ya mwezi wa saba, kwenye baridi kali, Hanif alisimama juu ya pedali ili avuke barabara kabla ya lori kufika. Pedali zikazunguka bure. Lori lilimkosa, lakini aliangukia ukingo wa barabara akavunjika mtulinga.

Kosa lilikuwa kwenye frihwili, ile sehemu ya katikati ya gurudumu la nyuma inayolikamata gurudumu ukikanyaga na kuliachia ukipumzisha miguu. Ndani yake mna vidole viwili vya chuma vinavyosukumwa nje na springi nyembamba kama unywele. Vidole hivyo vinataka mafuta mepesi, tena kidogo. Ukivijaza grisi nzito vitalala ndani yake, hasa kwenye baridi, na siku utakayovihitaji havitaamka.

Jumamosi iliyofuata watu walikusanyika ukutani. Hanif alikuja mkono umefungwa shingoni. Alipoulizwa ni nani aliyeigusa baiskeli mara ya mwisho, alitazama chini akasema ni Shiundu. Shiundu akafungua daftari, akasoma: spoki sita zimebadilishwa, tano nyeusi na moja nyeupe, kwa kuwa nyeusi zilikwisha, frihwili haikufunguliwa.

Muasya alicheka. "Hata mimi nikipewa kalamu nitaandika kwamba sijawahi kukosea," alisema. Watu wakacheka naye. Kisha akageuka, safari hii bila kucheka, akawauliza waendesha baiskeli kama wataendelea kumkabidhi uhai wao mtu anayejua kuandika kuliko kufunga. Bi Fatu, aliyekuwa akimtumia Shiundu sahani ya biriani kila Idi, alijifunika mtandio na kuondoka. Kwa fundi wa ukutani hukumu ni hiyo. Jumamosi nyingine hakuna baiskeli hata moja iliyosimama mbele yake.

Alihamia Dandora, akawa ananunua vipande vya baiskeli kutoka kwa waokotaji wa jaa, anavisafisha na kuviuza. Mkewe, Khavere, alimwambia asahau. Alimjibu kwamba amesahau, na usiku huo huo Khavere akamsikia akinong'ona jina la Muasya usingizini. Mwaka mmoja na nusu ulipita. Hanif alipona, akaenda kutafuta kazi Mombasa. Bi Fatu alisema baiskeli ile ina mkosi, akaiuza pamoja na chuma chakavu.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwokotaji mmoja alimletea Shiundu gurudumu la nyuma lililojaa matope. Alilimwagia maji. Ikatokea spoki nyeusi, nyingine nyeusi, kisha nyeupe. Aliketi chini, akalizungusha polepole, akihesabu. Tano nyeusi, moja nyeupe. Akaenda kutafuta daftari la mwaka ule, akalinganisha alama za ringi. Lilikuwa lenyewe.

Alitaka kuifungua frihwili palepale. Frihwili ya aina ile hufungwa na pete ya chuma yenye mapengo mawili ya kuingizia ufunguo, na hufunguliwa kwa kuizungusha kulia, kinyume cha pete nyingine. Ufunguo wake haukushika. Alipolisogeza gurudumu kwenye mwanga aliona kwa nini. Mapengo mawili ya kiwandani yalikuwa yamevunjwavunjwa kwa patasi, na mtu, baada ya kuyaharibu, alikuwa amechonga kwa tupa mapengo mengine matatu.

Katika Nairobi yote Shiundu alimjua mtu mmoja tu mwenye ufunguo wa meno matatu. Muasya aliuchonga mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bomba, akauhifadhi ndani ya soksi, na hakuwahi kumwazima mtu.

Mtu mwingine angekimbia Ziwani siku hiyo hiyo. Shiundu alilifunga gurudumu ndani ya gunia, akalitundika juu ya kitanda chake kwa miezi minne. Alisubiri baridi. Alitaka grisi ya humo ndani iwe kama ilivyokuwa alfajiri ile.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba alipita kwanza kwa Bi Fatu, akamwomba aje ukutani, aangalie tu. Bi Fatu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alivaa buibui akamfuata.

Baiskeli zilikuwa zimepangwa, kumi na kitu. Muasya alimwona Shiundu akaacha kazi.

"Karani wa magurudumu! Umekuja kuandika nini leo?"

"Kuna frihwili imenishinda, fundi," Shiundu alisema, akalilaza gurudumu mbele yake. "Inanata. Nimejaribu ufunguo wangu, haushiki."

Muasya alifurahi mno hata hakulitazama vizuri. Aliwaambia waendesha baiskeli wasogee waone mwanafunzi amerudi kwa mwalimu. Alijaribu ufunguo wa kawaida, ukateleza. Akainama, akaitazama pete, akapiga mluzi, mkono ukaenda wenyewe kwenye soksi.

"Hicho kifaa naweza kukipata wapi?" Shiundu akauliza.

"Usijisumbue. Hata Industrial Area hawana. Kipo kimoja tu, na ni hiki."

Meno matatu yaliingia kwenye mapengo matatu kama ufunguo kwenye kufuli lake. Muasya akazungusha kulia, pete ikatoka. Ndani palikuwa pamejaa grisi nyekundu ya malori, nzito, imeganda kama mafuta ya ng'ombe, na vidole viwili vimezama humo.

"Bi Fatu," Shiundu alisema, "nisaidie kuhesabu spoki nyeusi."

Bi Fatu alichuchumaa. Alihesabu kwa kidole, akafika kwenye ile nyeupe, akaacha kuhesabu. Yeye ndiye aliyenung'unika, siku spoki hiyo ilipofungwa, kwamba baiskeli yake imetiwa mvi. Aliinua uso akamtazama Muasya, aliyekuwa bado ameushika ufunguo.

"Pete hii uliichonga wewe," alisema. "Lini?"

Muasya alisema magurudumu yanafanana. Mwendesha baiskeli mmoja wa maziwa akamwambia, "Yanafanana, buda, lakini ufunguo ni mmoja. Umesema mwenyewe." Kicheko kilichofuata kilikuwa kile kile cha miaka miwili iliyopita, ila kilikuwa kimehama upande.

"Hanif alikuja mwenyewe," Muasya alisema mwishowe. "Shiundu alikuwa matangani Butere. Gurudumu lilikuwa linapiga kelele. Kijana alinisihi nisimwambie shangazi yake."

"Na mimi nilipokuwa nasoma daftari," Shiundu akauliza, "nani alikusihi?"

Muasya aliurudisha ufunguo ndani ya soksi.

Shiundu aliketi hapo hapo chini, akavuta kopo la mafuta ya taa. Alitoa gololi moja moja akazihifadhi kwenye kifuniko, akasugua vidole vya chuma kwa mswaki mpaka vikang'aa, akatia tone moja la mafuta mepesi kwa kila kidole. Hakuharakisha. Alitaka Muasya aone kila hatua. Alikuwa amebeba pete mpya mfukoni, akaifunga kwa ufunguo wake mwenyewe. Alipolizungusha gurudumu lililia tik-tik-tik, safi, na watu wakasogea kusikiliza. Kisha mwendesha baiskeli wa maziwa akainua baiskeli yake kutoka mbele ya Muasya, akaisimamisha mbele ya Shiundu. Wengine wakafuata. Kufikia saa sita Muasya alikuwa amekaa peke yake na soksi yake.

Siku hizi wako wawili tena pale ukutani, kwa kuwa Muasya hana pengine pa kwenda. Huletewa pancha. Ile pete ya zamani Shiundu aliipigilia msumari ukutani, usawa wa macho, mahali ambapo Muasya lazima apite akienda kuchota maji.

Idi iliyopita Bi Fatu alileta biriani mwenyewe. Alimwomba radhi Shiundu, akapewa. Kisha akamwomba aitoe pete, mwenzake ameaibika vya kutosha.

Shiundu alimshukuru kwa biriani. Kuhusu pete, alimwambia kwamba chuma kina kutu, siku kikiliwa kitaanguka chenyewe, na hapo yatakuwa yamekwisha.

Bi Fatu aliridhika na jibu hilo. Hakuwapo Jumamosi asubuhi, kabla ya baiskeli kufika, Shiundu alipochukua kitambaa, akakidondoshea mafuta mepesi, akaipangusa pete ndani na nje, pengo kwa pengo, mpaka ikang'aa.