Bonasi ya Shingo

Mtu wa kwanza kumnyooshea Mama Béatha kidole na kumwita mchawi nilikuwa mimi.

Likumbukeni hilo. Mbele huko mtataka kunitukana, na sipendi muhangaike kutafuta pa kuanzia.

Naitwa Cadeau. Ni kinyozi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Dowa, Malawi, si mbali na Lilongwe. Saluni yangu ina kioo kimoja, kiti kimoja na bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: KUNYOA + BONASI.

Bonasi ni hivi. Nikimaliza kunyoa na kupaka poda, nashika kidevu kwa mkono huu, kisogo kwa mkono ule, halafu nazungusha ghafla. Kroo! Upande wa pili tena, kroo!

Utaalamu huo niliupata kwa kinyozi mmoja wa Mchesi, mtaa wa Lilongwe. Nilimtazama akifanya mara mbili. Ndiyo shahada yangu hiyo.

Wateja waliipenda mno. Kuna waliokuja nywele hata hazijaota, wanataka shingo tu ilie.

Honoré alikuwa mteja wangu na rafiki yangu. Mtu wa Fizi, kwetu Kivu, Kongo, fundi cherehani, kiongozi wa korali, miaka thelathini na sita. Baada ya miaka kumi na moja ya kusubiri, kesi yake ya kuhamishiwa ng'ambo ilikuwa imepita. Wiki tatu tu, yeye na mkewe Gentille na watoto wangepanda ndege kwenda Kanada.

Jumamosi akaja kunyolewa.

"Cadeau, leo unitengeneze nifanane na mutu wa Kanada."

"Na shingo inaenda Kanada, ama inabaki huku?"

Tukacheka. Kroo! Kroo!

"Ayi!" akasema, akashika nyuma ya sikio.

"Ni uchovu njo unatoka," nikamwambia, kwa sauti ya profesa.

Jumanne akarudi, kichwa amekiinamisha upande.

"Ndugu, shingo inaniuma tangu ile siku. Na kichwa, huku nyuma ya sikio. Haiachi."

"Ni kwa sababu haikulia muzuri. Ikaa apa, niirudilie."

Nikairudilia. Kwa nguvu zaidi. Na kumbukeni, bure kabisa.

Asubuhi yake Honoré alikuwa kwenye meza ya Mama Béatha, nje ya mlango wangu. Mama Béatha ni mjane kutoka Rwanda, anauza chai na mandazi, ana watoto wawili. Honoré alikunywa chai yake hapo kila siku kabla ya kufungua cherehani.

Kikombe kikamtoka mkononi.

Mimi nikacheka. Nilidhani anaiga mlevi.

Halafu mkono wa kushoto ukaning'inia. Mdomo ukaenda upande. Akajaribu kusema kitu, maneno yakatoka yamelowa, hayana mfupa hata mmoja.

Sasa, sisi watu wa Kivu tuna elimu yetu. Kwetu mtu aliyefanikiwa haugui. Anatiliwa sumu ya wivu, na sumu hiyo ina jina: karuho. Mtu amebakiza wiki tatu apande ndege, ameanguka, na kikombe cha jirani kiko miguuni pake. Unataka uchunguzi gani tena?

"Karuho!" nikapiga kelele. "Huyu mama amemupatia karuho! Ni muchawi!"

Na kwa kuwa mimi ni msomi, nikaongezea methali: "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Watu wakajaa. Meza ikapinduliwa, chupa ya chai ikapasuka, mandazi yakaenda vumbini. Gentille akafika akilia, kitenge kimemlegea.

"Hii si sumu!" Mama Béatha alikuwa anasema, sketi imelowa chai ya moto. "Muangalie mudomo yake! Mama yangu alishikwa hivi hivi. Mumupeleke kwa baganga ba hospitali, sasa hivi!"

Nani amsikilize mchawi?

Mimi nikaagiza mawese, anyweshwe atapike. Nilimshika kichwa mwenyewe. Mawese yakatokea puani. Hakuweza kumeza, akakohoa mpaka macho yakageuka. Kinyozi, profesa, sasa na mganga.

Mama Béatha akatimua mbio.

"Muone! Anakimbia!"

Kweli alikimbia. Alikimbia mpaka kituo cha afya, akarudi na muuguzi.

Muuguzi akamwambia Honoré ainue mikono yote miwili. Ukainuka mmoja. Akamwambia atabasamu. Likatabasamu nusu ya uso.

"Hiki ni kiharusi. Lilongwe, haraka."

"Kiharusi ni ya bazee," nikamsahihisha.

Muuguzi alikuwa ameshaita gari. Mungu ambariki.

Kwenye gari tuliingia Gentille na mimi. Mimi kwa sababu nakijua Chichewa, na kwa miaka sita nimekuwa nikiwatafsiria watu wetu hospitalini. Mama Béatha tulimwacha katikati ya watu waliomkasirikia. Nani aliwakasirisha, mnamjua.

Hospitali kubwa ya Lilongwe, daktari kijana akampima Honoré, akampiga picha ya kichwa, akarudi na uso mzito.

"Mshipa mmoja wa damu unaokwenda kwenye ubongo umeziba," akaniambia. "Muulize. Siku hizi chache, kuna kitu kimemuumiza shingo? Ameanguka na kabaza, hizi baiskeli za abiria? Kuna mtu ameivuta au kuizungusha?"

Nikaingiza mikono yangu mfukoni.

Nikamgeukia Honoré. Nilimtafsiria vizuri, neno kwa neno.

"Daktari anauliza, kuna mutu alizungusha shingo yako?"

Honoré akanitazama. Yale macho sitayasahau. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananisubiri. Akainua mkono wake mzima, akaupitisha kichwani kama mashine ya kunyolea, akaushusha shingoni, akanielekezea mimi.

Nikamgeukia daktari.

"Anasema hapana."

Miaka sita ya kutafsiri, sijawahi kutoa sentensi fupi hivyo.

Daktari akaandika kitu, akatoka.

Hapo simu ya Gentille ikalia. Alikuwa dada yake, kambini. Sauti ilisikika mpaka kwangu.

"Bantu bamefika kwa Béatha! Bamezunguka nyumba. Banasema atoke na batoto yake, ama babomoe!"

Gentille akanitazama. "Waache wabomoe," akasema. "Ameniulia bwana."

Niliona aibu. Si ile ya kuchekwa. Ni ile inayokufanya ujione mdogo mbele ya mgonjwa asiyeweza kusema. Nikakimbia kwenye korido.

"Daktari! Ni mimi. Mimi ni kinyozi wake. Nilimzungusha shingo. Mara mbili."

Hakushtuka. Akanieleza polepole. Ndani ya mshipa wa shingo kuna ngozi laini. Ikichanika, damu inaganda pale, kipande kinachomoka kinapanda kwenye ubongo. Haihitaji ajali kubwa. Wengine wameanguka na baiskeli tu wakajipangusa vumbi. Siku ya kwanza ni maumivu ya shingo na kichwa, kiharusi kinafuata baadaye.

Maumivu nyuma ya sikio. Nami nikayatibu kwa kroo.

Halafu akafungua faili, akanionesha. Alikuwa ameshaandika: shingo ilizungushwa na kinyozi. Alikuwa ameshaagiza na picha ya shingo.

"Kwani sina macho?" akasema. "Mgonjwa wako alinijibu kwa mkono mmoja. Ulichokuja kuniambia nakijua. Nenda kawaambie wasiojua."

Zikomo, daktari. Asante.

Nikatoa simu. Grupu ya WhatsApp ya korali ina watu mia mbili na kumi na wanne, na nusu yao, naamini, walikuwa uani kwa Mama Béatha. Nikabonyeza, nikarekodi. Gentille alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikia yote.

"Bandugu, ni Cadeau. Muache Mama Béatha na batoto yake. Karuho ni mimi. Mi njo nilizunguusha shingo ya Honoré mpaka mushipa ikapasuka. Ile bonasi. Chai haikukuwa na kitu."

Gentille hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alirudi kwa mumewe, akafunga mlango.

Jibu la kwanza likaja kutoka kwa Faustin, mwimba besi:

"Na mi ulinifanya juzi. Nitakufa?"

La pili: "Na mimi?" La tatu: "Na bwana yangu?"

Nilivyosimuliwa, uani kwa Mama Béatha palibaki peupe ndani ya dakika kumi. Wapigania haki wote walielekea kituo cha afya, kila mmoja ameshika shingo yake mwenyewe. Hakuna aliyekumbuka kuomba msamaha.

Honoré alipona kiasi. Anatembea akivuta mguu, anasema taratibu. Safari imesimamishwa mpaka madaktari waridhike. Gentille alifungua masanduku, akarudisha sahani kabatini moja moja, nami nilikuwepo, na inaniuma hadi leo.

Nilimpelekea Mama Béatha chupa mpya ya chai. Akaipokea, akamimina kikombe, akakiweka mbele yangu, watu wote wanatazama.

"Kunywa."

Nikanywa mpaka mwisho. Ilikuwa ya moto sana, na nilistahili.

Basi somo. Shingo ya mtu si kifuniko cha chupa. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakilowa, kimbizeni mtu hospitali, mawese yaacheni jikoni. Na mkitafuta aliyewaumiza, kabla ya kupindua meza ya jirani, itazameni kwanza mikono ya yule anayepiga kelele kuliko wote.

Nusu ya bango langu nimeifuta. Honoré bado ananyolewa kwangu, na sijui kwa nini. Kila akikaa kwenye kiti, Mama Béatha anaacha mandazi yake, anasimama mlangoni, mikono kifuani, haondoi macho.

Jumamosi iliyopita nilipomaliza poda, Honoré aliinua ule mkono mzima, akaushika mkono wangu, akausogeza mbali na kichwa chake.

"Asanti," akasema, polepole, na nusu ya uso wake ikatabasamu. "Apo... inatosha."