Majike Elfu Tatu na Arobaini

Jumatatu, tarehe 17 Juni 2024, Balthazar aliwasha kompyuta yake saa moja na dakika nane asubuhi na kuizima saa tisa na nusu alasiri. Ukiondoa dakika thelathini za chakula na dakika kumi na moja alizosimama kunyoosha mgongo, alihesabu kwa saa saba na dakika arobaini na moja. Katika muda huo alimaliza picha ishirini na tatu. Nina uhakika na takwimu hizi kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuzikagua.

Picha zilikuwa za karibuu, wanyama wa jamii ya kulungu wanaohama kwa makundi makubwa katika nchi za baridi za kaskazini mwa Kanada. Kila Julai mbu na nzi huwasumbua mpaka hubanana pamoja, na hapo ndege hupita juu na kuwapiga picha. Watu wa huko wanataka kujua wamebaki wangapi, kwa kuwa makundi mengi yamepungua kwa zaidi ya nusu katika miongo michache, na idadi ndiyo inayoamua kama uwindaji utaruhusiwa. Picha za Julai iliyotangulia zilikabidhiwa kampuni yetu, iliyokuwa katika jengo la bati kwenye eneo la viwanda la Seven Hills, Sydney, Australia. Kabla ya hapo tulikuwa tumehesabu nyumba zilizoharibiwa na mvua ya mawe na makontena yaliyorundikwa bandarini. Hakuna aliyetuuliza kama tuliwahi kumwona karibuu.

Balthazar alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alizaliwa kwa wafugaji wa ng'ombe katika nyanda za juu za Itombwe, Kivu Kusini, akaishi miaka kumi na miwili kambini Burundi, kisha akaletwa Sydney pamoja na mkewe, Déborah. Kwa miaka saba alipakua makontena katika ghala moja karibu na bandari ya Port Botany, mpaka daktari alipoandika kwamba asinyanyue kitu kinachozidi kilo tano. Alisoma kozi ya kompyuta, akapata cheti, akaajiriwa kwetu kwa mkataba wa miezi sita ambao ungekwisha Ijumaa, tarehe 28 Juni. Akithibitishwa, angefanya kazi ameketi mpaka astaafu. Asipothibitishwa, mahali pekee palipokuwa tayari kumpokea ni ghala lile lile. Haya aliyaeleza mwenyewe siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Kila picha ilihesabiwa na watu wawili wasioshauriana. Kila mnyama aliwekewa nukta moja, nyekundu kwa mkubwa na njano kwa ndama. Tofauti kati ya wahesabuji hao ikizidi asilimia tano, mkaguzi alitakiwa kumwarifu msimamizi. Mwenzake Balthazar alikuwa Kamande, kijana wa Nakuru mwenye mkono mwepesi. Katika picha hizo ishirini na tatu, Kamande alipata wanyama 11,940. Balthazar alipata 9,115, na hakuwa ameweka hata nukta moja ya njano.

Niliripoti Jumatano asubuhi. Sikumwonya Balthazar kwanza. Kanuni haikuniruhusu, na mimi sikujaribu kuikwepa.

Msimamizi wetu, Methodi, alikuwa Mtanzania mwenye shahada na mazoea ya kusahihisha Kiswahili cha Wakongo mbele ya watu. Hakumwita Balthazar ofisini. Alikuja na karatasi yangu mkononi, akasimama nyuma ya kiti chake na kuisoma kwa sauti mpaka wahesabuji wote kumi na wawili wakaacha kazi.

"Robo nzima ya kundi umeimeza, Mzee," alisema. "Ulikuwa unahesabu au unasinzia?"

"Chef, sikusinzia. Bale batoto bangali bananyonya. Kila mutoto iko na mama yake."

"*Wale watoto*," Methodi alimsahihisha. "Kwa hiyo ndama si mnyama?"

Balthazar alieleza, bila kugeuza kichwa. Kwao ndama anayenyonya hahesabiwi peke yake. Yeye na mama yake ni mmoja mpaka aachishwe maziwa, na mchungaji anayemtaja kando ni sawa na mtu aliyekwisha kumtenga na uhai. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama alivyofanya tangu utotoni. Aliongeza kwamba ndama wa Julai si mali ya mtu bado; wengi wao hawataiona theluji ikiyeyuka, na anayewajumlisha na wakubwa anawadanganya wenye kuwinda.

Kamande alicheka. "Buda, hizi si ng'ombe za kwenu. Hizi hata maziwa huwezi kukamua."

"Wewe maziwa unaijua ya pakiti," Balthazar alimjibu. "Nyamaza."

Methodi alisema hatukulipwa ili tufikirie nani atakufa. Alimpa hadi saa tisa alasiri ya Ijumaa ya mwisho ya mkataba wake kurudia picha zote ishirini na tatu na kuweka nukta ya njano juu ya kila ndama, nje ya kazi yake ya kawaida.

"Ile nukta sitaiweka," Balthazar alisema. "Kidole inakataa."

"Basi kidole kirudi kwenye makontena."

Tangu saa hiyo hakuna aliyeketi naye wakati wa chakula. Mtu mmoja alibandika kwenye mlango wa jokofu picha ya ndama wa ng'ombe yenye maandishi *Usinihesabu*. Nilipokuta picha hiyo niliibandua na kuitupa, lakini sikuuliza ni nani aliyeibandika. Siku ya pili Balthazar alipita mezani kwangu na kusema, kwa sauti ya chini, kwamba ni mimi niliyempeleka kwa Methodi. Nilikubali kwamba ni kweli. Akapita zake.

Alirudia picha kwa siku saba, mbili au tatu katika kila saa ya chakula na nyingine kabla ya wenzake kufika. Hakuweka nukta za njano. Alichofanya ni kuchora duara dogo kuzunguka nukta ya kila jike aliyekuwa na ndama. Kwa karibuu, kuzaa pacha ni nadra mno; duara moja lilimaanisha ndama mmoja, naye Balthazar hakuwa amemgusa. Ijumaa saa nane na dakika ishirini alikabidhi kazi: wakubwa 9,115, kati yao majike wenye ndama 3,040. Kamande, katika hesabu yake, alikuwa na wakubwa 9,150 na ndama 2,790.

Nilichukua picha ya kumi na saba na kuikuza mpaka kila mnyama akawa na upana wa kidole. Kamande alikuwa ameona ndama 118. Balthazar alikuwa amechora maduara 131. Mimi niliwapata ndama 129, na kumi na mmoja kati yao walionekana mguu tu au pua tu chini ya tumbo la mama. Nilimwuliza Balthazar aliwatambuaje. Alisema jike anayenyonyesha hasimami kama wengine, kisha akanigeuzia mgongo.

Nilimpelekea Methodi matokeo hayo saa nane na dakika hamsini. Aliyasoma yote mawili, hesabu na ukaguzi wangu.

"Mfumo hausomi maduara," alisema.

Nilimweleza kwamba maduara yangeweza kubadilishwa kuwa namba kwa dakika kumi. Alijibu kwamba alikuwa ameagiza nukta, na kwamba mtu anayechagua maagizo ya kutii hawezi kupewa ajira ya kudumu. Saa tisa kamili Balthazar alipewa barua. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akachukua mto aliokuwa akiuweka nyuma ya kiuno na kutoka. Methodi alimtakia kila la heri alipokuwa akifika mlangoni.

Mkataba na wateja wetu ulitaka kila ripoti iambatishiwe hesabu zote, zilizopokelewa na zilizokataliwa. Niliambatisha ya Balthazar, pamoja na ukaguzi wa picha ya kumi na saba na jina lake kamili. Methodi aliniuliza kama ilikuwa lazima. Nilimwonyesha kifungu.

Tarehe 27 Juni 2025 zilifika picha mpya na maelekezo mapya kutoka kwa wateja wale wale: wahesabuji watie alama kila jike mwenye ndama, na mhesabuji wa maduara, akipatikana, awafundishe wengine. Methodi alipiga simu siku hiyo hiyo. Balthazar alikuwa hospitalini siku ya nne baada ya upasuaji wa uti wa mgongo, kwa kuwa alikuwa amerudi kupakua makontena tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Simu ilipokewa na Déborah, ambaye alimsikiliza Methodi mpaka akamaliza, kisha akakata simu.