Ulimi wa Baba

Wenzangu wa kazini Nairobi walipoamua kushuka Mombasa wikendi moja, watu tisa, kazi ya kutafuta pahali pa kula nilitwikwa mimi, mwenyeji. Walikuwa na sharti moja tu. Hawakutaka hoteli za ufuoni zenye vitambaa vyeupe mezani. Walitaka kula wanapokula watu wa huko, ng'ambo ya kisiwa, Kisauni, Likoni na Changamwe, hata kama ni kwenye benchi la mbao. Nikajibu kwa maringo kwamba hilo si tatizo. "Babangu," nikaandika kwenye kikundi chetu cha simu, "ndiye ulimi wa Mombasa nzima."

Sikuwa natania sana. Baba alikuwa fundi wa pilau na biriani za harusi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kuanzia Mishomoroni hadi Timbwani mtu akiposa alimtafuta baba kabla hajamtafuta kadhi. Hakuonja kwa kijiko. Alichukua punje tatu za wali, akaziweka kiganjani, akazilamba, akafumba macho. Kisha akatoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa, hata na mama wa bibi harusi. Mwezi wa Ramadhani alipika futari ya watu mia bila kutia kitu mdomoni, kwa pua na masikio tu, na chumvi ikatoka sawa. Mimi nikiwa mdogo nilidhani baba wote wako hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka huo alishikwa na homa ya kifua iliyomlaza hospitali wiki tatu. Niliteremka kumwona, nikakaa siku nne, nikarudi kazini. Alipotoka aliniambia kwa simu kwamba amepona, ila magoti hayamruhusu tena kusimama mbele ya moto, kwa hiyo ameacha kazi ya harusi na sufuria zake kubwa amezigawa. Mama alikuwa ameshafariki zamani, na nyumbani Bombolulu baba alibaki na wapangaji wa vyumba vya nyuma. Ningeuliza zaidi. Lakini niliyaamini yale magoti upesi, kwa sababu kuyaamini kulinipunguzia safari.

Nikafika Jumatano, siku tatu kabla ya wageni. Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akakohoa. "Wataka kuwalisha watu wa Nairobi? Hao hata ugali wa jana watakwambia mtamu." Lakini Alhamisi asubuhi nilimkuta keshavaa kanzu iliyopigwa pasi, na kofia, anasubiri mlangoni. Alikuwa amekonda, ila alisimama wima. Nikafurahi, nikajiambia kwamba safari hii ya kutafuta hoteli imempa sababu ya kuamka.

Tulianzia Bombolulu penyewe, kwa mbaazi za nazi na mahamri, kisha viazi karai vya barabarani, kisha Mishomoroni kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyeuza sima na mboga ya mchunga. Baba alikuwa na utaratibu. Hakukubali kuketi pasipoonekana jiko. "Ndoo, tuketi hapa," alisema, akanivuta hadi kwenye benchi linalotazamana na karai. Alitazama mafuta yanavyotoka povu, alitazama mikono ya mpishi, alitazama sahani za waliotangulia zimerudi na nini. Chakula kilipofika alitia tonge moja, akatafuna, akanigeukia.

"Waonaje?"

Katika maisha yangu yote baba hakuwahi kuniuliza naonaje chakula. Kwake mimi bintiye nilikuwa mlaji, basi. Sasa nilikuwa mtu mzima niliyekaribia miaka arubaini, na hatimaye, nikadhani, baba ameniona mtu mzima. Nikajikohoza, nikasema mbaazi ni nzuri ila tui la pili limezidi maji. Akatikisa kichwa. "Barabara. Tui la pili. Wangelipunguza." Nikaandika kwenye simu. Kwa mama Mgiriama nilisema mchunga ni mchungu kidogo, haukuchemshwa mara mbili. "Haukuchemshwa," akasema, akamega tonge jingine, akala hadi sahani ikaisha, wala uso haukukunjamana. Mimi nilikuwa nimeshaisukuma sahani yangu kando. Siku ile yote nilitembea kifua mbele kwa sababu baba alikuwa akikubaliana nami.

Ijumaa, baada ya swala, tulivuka feri kwenda Likoni. Kule Timbwani kulikuwa na mwanamke aliyewahi kuwa mkata vitunguu wa baba katika harusi za zamani, na sasa ana hoteli yake, meza nne na turubai, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Huyo baba alikuwa amemweka mwisho kwa makusudi. "Huyo nimemfunza mimi," aliniambia njiani, mara mbili.

Mwanamke yule alimbusu mkono, akamwita fundi, akafuta benchi kwa kanga yake mwenyewe. Pahali palijaa watu waliotoka msikitini. Kabla sijaketi simu ikalia, ni mmoja wa wenzangu anauliza kama kuna haja ya kuja na maji ya kunywa, nikasogea pembeni barabarani ili nisikie. Nilipokuwa huko nikamsikia baba, kwa ile sauti yake ya harusini iliyofika hadi kwa wapiga ngoma:

"Mashallah! Wali huu umetulia! Jamani, mtu akitaka kujua wali wa nazi, aje hapa!"

Watu waligeuka. Nikarudi, nikaketi, nikatia tonge kinywani. Wali ulikuwa mweupe, umechambuka punje punje, mzuri wa kutazama. Na ulikuwa umeungua. Sufuria ilishika chini, moshi ukapanda ukaingia wali wote, kila punje ina ladha ya jivu. Nilimtazama baba. Alikuwa akila kwa raha, ananitazama usoni, anasubiri.

Mwenye hoteli akaja akasimama mbele yetu. Aliongea kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie.

"Fundi, wanicheka?"

"Nikucheke kwani?"

"Wali umeungua. Nilishughulika na wateja nikausahau, na mwingine sina. Nimekuona ukila, nikasema leo nitasemwa, na haki yangu nisemwe. Wewe ulikuwa ukinimwagia sufuria nzima kwa kitunguu kilichozidi moto. Leo wanisifu mbele ya watu? Kama umeniona si mtu wa kuambiwa kweli tena, wallahi n'ambie."

Baba aliacha kutafuna. Aliitazama sahani yake kwa muda mrefu, na pale ndipo nilipojua, ingawa sikukubali mara moja kwamba nimejua. Alikuwa akitafuta kwa macho kile ambacho mdomo ulikuwa umeshindwa kumwambia, na macho hayakukiona.

"Nilikusitiri," akasema mwishowe. "Watu wamejaa. Ningekusema mbele yao?"

Yule mwanamke alifunika uso kwa kanga, akaomba radhi, akasema kweli fundi umekuwa mtu mzima. Waliagana vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa na tonge mkononi, nina hasira. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kwanza nilikasirika. Niliona nimechezewa. Yale "waonaje" yote, siku mbili nzima, hayakuwa heshima. Alikuwa akichukua maneno kinywani mwangu kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na lolote.

Njiani kurudi nilimwacha atangulie kupanda ngazi za feri. Akasema Timbwani tupaondoe kwenye orodha, si kwa ubaya. Nikasema sawa.

Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha kidonda kikauke, lazima nikiguse. Jumamosi asubuhi niliamka kupika chai nikakuta mkebe wa sukari mtupu. Duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Sikwenda. Nikamimina chai ya maziwa, ina iliki na tangawizi na haina hata chembe ya sukari, nikatia kijiko kikavu, nikakoroga kwa kelele ili asikie. Nikampelekea barazani.

Akanywa funda moja. "Ahsante, mama. Leo sukari umeipatia."

Nikaingia ndani, nikapita hadi uani, nikageukia ukuta wa vyumba vya wapangaji nikalia. Nililia kwa sababu ya ile chai, na kwa sababu ya magoti. Magoti yake yalikuwa mazima. Alipanda ngazi za feri bila kushika chuma, na mimi nilimwona akizipanda. Aliacha harusi kwa kuwa hakujua tena anachokipika, na alikaa miezi minane na jambo hilo peke yake, akila ili asife, na hakuna mtu aliyemjua kiasi cha kumgundua. Mwanawe alikuwa Nairobi akiwaambia watu kwamba babake ni ulimi wa Mombasa.

Wageni walifika mchana. Nitasema kweli, orodha yetu iliwapendeza mno. Macho ya baba hayakuwa yamekosea hata pahali pamoja isipokuwa Timbwani. Walikula mbaazi wakalamba vidole, wakala viazi karai na ukwaju, wakapiga picha za sahani hadi chakula kikapoa. Niliwazungusha nikicheka nao, na hakuna nilichokionja sawasawa.

Jumapili, chakula cha mwisho kilikuwa biriani kule Changamwe, kwa kuwa ndiyo njia ya kwendea stesheni ya treni. Walinisihi nimlete baba. Alikuja na kanzu yake nyeupe, wakamkalisha kichwani mwa meza, nami ubavuni mwake. Walimsalimu kila mmoja kwa shikamoo waliyojifunza njiani, naye akaitikia marahaba kumi, moja ya ziada kwa mpishi aliyechungulia dirishani.

Wakamuuliza, naye akaeleza. Sijawahi kumsikia akieleza vile. Kwa nini nyama hulazwa kwenye maziwa ya mgando, kwa nini vitunguu vya biriani hukaangwa hadi vivunjike vikiguswa, zafarani hutiwa saa ngapi, mtele, ambao Nairobi huitwa mchele, huchemshwa hadi punje iwe na kiini kigumu ndani kisha ikamalizike yenyewe chini ya kifuniko. Mmoja akasema, "Mzee, sasa ndio naelewa ninachokula." Wakapiga makofi. Baba aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila bwana harusi alipokuja jikoni kumshukuru.

Walipoanza kuzungumza wao kwa wao kuhusu tiketi na mizigo, aliniinamia.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Ile chai ya yana asubuhi haikuwa na sukari."

Nikamgeukia. Alisema mpangaji mmoja alikuja jioni kuomba sukari kidogo, yeye akafungua mkebe, akaukuta mtupu na mkavu kama uliokaa siku nyingi. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayetua mzigo chini taratibu, ili usipasuke.

"Nisamehe, baba."

"Usiniombe radhi. Ni mimi niliyekuficha." Akamega biriani kwa vidole vitatu, lakini hakuitia mdomoni. "Tangu hospitali. Pua na ulimi, vyote. Daktari asema huenda vitarudi, huenda visirudi. Inshallah. Nilidhani nikitembea nawe kwenye hizi hoteli, nikikutana na kitu nilichokizoea, pengine ulimi utashtuka. Wali wa yule wa Timbwani ndio niliouwekea tamaa." Akanisogezea sahani. "Sasa hebu n'ambie. Hii ina ladha gani?"

Nikatia tonge, nikatafuna polepole, wenzangu wakicheka upande wa pili wa meza. Ilikuwa biriani nzuri kweli. Nikasema ni tamu.

"Tamu vipi?"

Nikasema vitunguu vina utamu, halafu ndimu yaja nyuma. Nikasema nyama imelainika, na kuna iliki, na kuna kitu kingine, moto moto hivi, kwenye koo.

"Mdalasini au pilipili manga?"

Sikujua. Nilikula chakula cha mtu huyu miaka kumi na minane kabla sijaondoka nyumbani, na sikujua. Nilikuwa nimekula tu. Nikatia tonge la pili, nikafumba macho, nikatafuta, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya wageni wangu.

"Baba, mimi sijui kueleza."

Alikuwa amenisogelea hadi bega lake likagusa langu, anautazama mdomo wangu.

"Jaribu," akasema. "Nimeanza kusahau."