Sanduku la Saa la Wilibrodi Tarmo

Wilibrodi Tarmo alikuwa na saa za mkono tano, na kwa ajili ya saa hizo, mwezi wa Aprili mwaka 1983, nusura apelekwe kizuizini. Nayaandika haya kwa sababu wengi waliokuwapo siku ile wanaona haya kuyasimulia, nami naamini kwamba aibu isiyosimuliwa hurudi ikafanya kazi ileile mara ya pili.

Alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji chetu, upande wa Endabash. Mtu mwembamba, mwenye suti moja na viatu vya ngozi vilivyotiwa soli mpya mara tatu. Hakuna aliyepata kumwita mpenda mapambo. Saa hizo alizikusanya kwa muda wa miaka kumi na sita, moja baada ya nyingine, kama mkulima anavyokusanya zana. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Saa mbili za kazi moja ni ubadhirifu, na saa moja kwa kazi zote ni uzembe."

Ya kwanza aliinunua Arusha mwaka 1964, kwa mshahara wake wa kwanza. Ilikuwa na mshale mwembamba wa sekunde, nayo ilikuwa ya kuhesabia mapigo ya moyo wa mgonjwa. Hakuivaa shambani hata siku moja. Ya shamba ilikuwa nyingine, nzito, yenye mkanda wa mpira, iliyostahimili matope ya kwetu na ule ukungu wa ukingo wa Ngorongoro unaoingia hata ndani ya godoro. Ya tatu ilionyesha tarehe. Kwa saa hiyo alifuata siku za wagonjwa wa kifua kikuu, ambao sindano zao hazikutakiwa kukosa hata siku moja. Ya nne ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, zawadi ya mkewe Germana kutokana na mavuno mazuri ya vitunguu. Hiyo ilitoka Jumapili na siku za harusi tu.

Ya tano ndiyo iliyomponza, na lazima nieleze ilikuja kwa njia gani.

Mwaka 1979 mama mmoja wa kijiji chetu alipewa dawa ya maji kwa ajili ya mtoto wake mwenye homa ya mapafu. Wilibrodi alimwelekeza: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Mama yule alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na tarakimu alizijua vizuri. Akaazima saa kwa jirani. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba saa zetu zimetengenezwa kwa desturi ya watu wengine, na kwamba sisi huisoma namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa. Mshale mfupi ulipofika kwenye nane, akampa mtoto dawa. Kumbe ilikuwa saa mbili asubuhi. Ulipofika kwenye kumi na mbili, akampa. Ilikuwa saa sita mchana. Ulipofika kwenye nne ilikuwa saa kumi jioni. Dozi tatu zikasongamana mchana, na usiku kucha mtoto akakaa bila dawa. Siku ya nne tukamzika.

Wilibrodi hakumlaumu mama. "Aliyekosea ni mimi," alisema. "Nilimpa saa, sikumpa namna ya kuisoma."

Mwaka uliofuata alitumwa na timu ya chanjo hadi Arash, ng'ambo ya Ngorongoro. Huko alimtibu mchungaji mmoja, Olais, aliyeumwa na nyoka. Olais alipopona alimpa saa aliyoipata ng'ambo ya mpaka kwa kubadilishana na dume la ng'ombe. "Chukua, daktari," alisema. "Mimi ng'ombe wangu wananiambia saa." Wilibrodi aliirudisha mishale nyuma saa sita, ili kwenye saa nane mshale uelekee nane yenyewe. Tangu hapo saa hiyo haikuwa yake tena. Iliazimwa na akina mama, mmoja baada ya mwingine, ikirudi mtoto anapopona.

Sasa nifike kwenye ile Jumatano ya Aprili 1983.

Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilikuwa imepamba moto. Niliiunga mkono, na sijutii. Sukari ilikuwa imefichwa, sabuni imefichwa, na waliozificha walistahili mkono wa sheria. Nilikuwa katibu wa kamati ya ukaguzi ya kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Josephati, alikuwa amepokea habari kutoka kwa mtu aliyeketi akingoja sindano: mganga ana sanduku limejaa saa.

Tulifika zahanati saa tano asubuhi, Josephati, mimi, na mgambo mmoja aitwaye Piusi. Germana alikuwa anafua mashuka uani.

"Mganga, fungua sanduku," alisema Josephati.

"Halijawahi kuwa na kufuli, Josephati. Fungua mwenyewe."

Ndani kulitandikwa kipande cha blanketi chenye vishimo vitano. Vinne vilikuwa na saa, zote zinatembea, zote zimetiwa ufunguo asubuhi ile. Cha tano kilikuwa kitupu.

"Mkono mmoja, saa nne," alisema Josephati. "Nyingine unazivaa miguuni?"

Piusi akacheka. Wilibrodi hakucheka.

"Nyumbani kwako una jembe, shoka, panga na mundu. Una mikono mingapi?"

"Usinichezee, Wilibrodi. Jembe halivukishwi mpaka."

Wilibrodi akainua blanketi. Chini yake kulikuwa na risiti nne, zimekunjwa vizuri, nyingine zimegeuka rangi ya chai. Nikazisoma moja moja kwa sauti. Kila saa ilikuwa na yake. Nilidhani jambo limekwisha, nikafunga kalamu.

Josephati akaweka kidole kwenye kile kishimo kitupu.

"Na hii?"

Wilibrodi akaanza kuzikunja tena risiti zake.

"Iliyokuwa hapa iko wapi? Umemuuzia nani?"

"Sijauza."

"Basi iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini kwa nani, mganga? Taja jina, twende tukaione, mambo yaishe."

Wilibrodi akanitazama. Nilijua anachokijua, na alijua kwamba ninajua. Ile saa ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka, haina risiti. Siku zile aliyekutwa na mali ya magendo alihesabiwa sawa na aliyeileta. Akitaja jina, mgambo angekwenda kumvua mama saa mkononi, mtoto akiwa katikati ya dawa. Asipotaja, gari la kamati ya wilaya lilikuwa linatoka Karatu, na lingefika saa nane.

"Ilitoka Arash," alisema hatimaye. "Nilipewa na mgonjwa. Haina risiti. Hayo andikeni. Jina la aliye nayo siwapi."

"Wewe!" Germana aliita kutoka uani, mikono ina povu. "Utapelekwa!"

"Nimesikia, mama."

Josephati akamvuta pembeni, nami nikasogea. Hawa wawili walibatizwa siku moja. "Ndugu yangu," alinong'ona, "kijiji cha jirani kimepeleka watu watatu. Sisi hatujapeleka hata mmoja. Wanauliza mwenyekiti analinda nani. Nipe jina hilo, nikuache wewe."

Hapo ndipo nilipotambua ubovu ulipoingilia. Hapakuwa na aliyeuliza nani amehujumu. Waliuliza idadi. Sheria inayodai idadi ya wakosaji kabla ya kosa si sheria; ni mnada.

"Nipeleke mimi," alisema Wilibrodi. "Namba moja si namba?"

Tukangoja. Mvua ya masika ikaanza, ikakoma. Josephati alitembea barazani huku na huko. Wagonjwa walikuja, wakaona mgambo, wakarudi. Wilibrodi aliomba ruhusa ya kumfunga bendeji mzee mmoja mwenye kidonda. Akafanya hivyo, kisha akakaa tena mahali pake kama mshitakiwa.

Ilikuwa imekaribia saa nane tulipomwona Marsela, mama mmoja wa kijiji, akipanda kilima, mtoto mgongoni, chupa ya dawa mkononi. Wilibrodi alisimama ghafla.

"Rudi nyumbani, Marsela!"

Hakurudi. Alifika barazani akihema, akatusalimu wote kwa adabu, kisha akakunja mkono wa gauni. Saa ilikuwa pale.

"Nimesikia mganga amekamatwa kwa sababu ya saa," alisema. "Saa ninayo mimi."

Josephati akanyoosha mkono. "Ilete."

"Subiri, baba. Haijafika."

"Haijafika nini?"

"Nane."

Josephati akaushika mkono wake, akainama juu ya saa ile, kisha akanyanyuka uso umebadilika. "Ndugu Katibu, andika! Saa hii inakaribia saa mbili. Saa mbili! Imetegwa kwa majira ya Ulaya. Sasa tunajua anafanya biashara na nani."

"Baba, unasoma kinyume," alisema Marsela. "Mshale unakwenda kwenye nane. Wewe ukiona nane unasema mbili?"

Piusi alikohoa ili asicheke. Josephati akatazama saa ya Marsela, akatazama zile nne sandukuni, akarudi kwa Marsela. Tulisimama watu wazima sita, tumezunguka mkono wa mwanamke, tukingoja mshale. Mtoto alikuwa anapumua kwa kukoroma. Mshale mrefu ulipofika juu, Marsela alimshusha mtoto, akamimina kijiko, akamnywesha, akamfuta midomo.

"Haya," alisema. Akaifungua saa, akampa Josephati.

Piusi ndiye aliyeichukua kwanza. Aliugeuza mkanda, akaupitisha vidoleni. Mkanda wa ngozi wa saa ile ulikuwa umetobolewa matundu mengi yasiyopangika, kila moja kwa kipimo cha mkono mwingine.

"Mzee," alisema polepole, "tundu hili nilitoboa mimi. Kwa msumari wa moto. Mke wangu Eunike aliivaa siku saba mwaka jana, mtoto wetu alipougua." Akamkabidhi mzee saa ile. "Kama ni magendo, niandikwe na mimi."

"Nyamaza, Piusi."

"Nimeshasema, mzee."

Tukasikia gari likinguruma kwenye matope ya bondeni. Josephati akanigeukia. "Andika: saa za biashara tano, za magendo."

Sikuandika hivyo. Niliandika nilichokiona: saa nne zenye risiti, zote zimevaliwa, mikanda yake imechakaa kwenye tundu moja linalolingana na mkono wa mwenyewe, saa moja isiyo na risiti, zawadi ya mgonjwa wa Arash, inayotumiwa na wagonjwa, ushahidi wa mgambo Piusi na mama Marsela. Nikatia sahihi. Piusi akatia dole gumba. Josephati aliishika kalamu muda mrefu. Gari lilipozima moto mlangoni, naye akatia sahihi.

Ofisa aliyeshuka alikuwa na haraka na viatu vyenye matope. Akasoma karatasi mara mbili. "Mtu abaki," alisema. "Isiyo na risiti nakwenda nayo." Akaitia mfukoni, akaondoka. Nilimtaka stakabadhi, akaniambia itatumwa. Nimeandika barua tatu. Hadi leo haijaja stakabadhi wala saa.

Tulidhani sasa tutapumua. Lakini Marsela alikuwa bado amesimama.

"Mganga, na saa nne ya usiku nitaijuaje?"

Wilibrodi alitazama sanduku lake. Ya mapigo hangeweza kuitoa. Ya tarehe ilibeba watu wanne wa sindano. Ya shamba ilikuwa nzito, ingemzunguka Marsela kama pete ya ng'ombe. Akaitoa ile ya dhahabu. Kisha akamtazama Germana.

Germana alikausha mikono kwa kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mfunge," alisema. "Kanisani kuna kengele."

Wilibrodi akavuta kile kifungo cha pembeni, akairudisha mishale saa sita nyuma. Mkanda ulikuwa mrefu mno kwa mkono wa Marsela. Piusi akaenda jikoni kupasha msumari moto.

Mtoto wa Marsela alipona. Wilibrodi alistaafu mwaka 1988, na katika miaka yote hiyo mitano nilimwona kila Jumapili kwenye benchi la tatu, suti imepigwa pasi, mkono wa kushoto mtupu.