Kodi ya Chai ya Mtani Wangu

Vita vya walowezi wa Marekani dhidi ya Mfalme wa Uingereza nilivipigana mimi mwenyewe, hapa hapa Ifakara, ndani ya chumba cha darasa la nne, karibu mwaka mzima, na silaha yangu ilikuwa kikombe cha chai. Anayebisha aje aniulize.

Nilikuwa nasoma kidato cha sita jioni. Mchana nakoboa mpunga, na mashine yangu ina mlio ambao naamini mamba wote wa mto Kilombero wanaujua. Ikifika saa kumi na moja najikung'uta pumba, napanda pikipiki, naingia darasani na nyusi nyeupe kama babu wa miaka tisini. Chumba tuliazimwa na shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa ya watoto. Ukikaa, magoti yanakuziba masikio. Mwalimu wetu alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Sisi tunamwamkia shikamoo kwa ualimu wake, yeye anatuamkia shikamoo kwa uzee wetu, na dakika kumi zinakwisha kabla hajagusa chaki.

Nilikaa dawati moja na Mngoni, dereva wa pawatila, lile trekta dogo la mkono, aliyewalimia watu mashamba mpaka kijiji cha Mofu. Mimi ni Mpogoro. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaambiana majina. Babu zake na babu zangu walipigana, vita vikaisha, wakaona kuanzia hapo wajukuu wapigane kwa midomo tu, na ruhusa ya kukasirika haipo.

"Babu zenu walikuja kutuibia ng'ombe," nilimwambia siku ya kwanza. "Wakakuta hatuna hata mmoja, wakaondoka na kuku."

"Na kuku wenyewe walikonda kama wewe," akasema. "Sogea huko, mateka wangu."

Historia alishafeli mara mbili. Pawatila haiulizi cheti, kwa hiyo nilimuuliza anahangaikia nini. Akasema anataka afaulu ili watoto wake waache kumficha ripoti zao za shule. "Wananihurumia, mtani. Mtoto akikuhurumia, umekwisha."

Ndipo tukafika kwenye vile vita. Mwalimu alitusomea notisi za Kiingereza, kisha akazishusha kwa Kiswahili. Walowezi waliondoka Uingereza, wakavuka bahari, wakajipatia makoloni kumi na tatu kwenye ardhi ya watu wengine. Mfalme akabaki kwao, anawatoza kodi kutoka mbali bila kuwauliza wala kuwapa mwakilishi bungeni. Alipong'ang'ania kodi ya chai, wakapanda melini, wakaimwaga chai yote baharini. Vita vikafuata, vya miaka minane.

Wakati wa mapumziko niliinua kikombe changu. Mama muuza chai alikuwa anatusubiri nje na chupa zake, chai ya tangawizi yenye ukali wa kumfufua samaki mkavu. Kabla sijaonja, Mngoni akakinyakua, akapiga funda moja kubwa, akanirudishia.

"Kodi," akasema. "Mimi ndiye Mfalme."

"Umenipa mwakilishi bungeni?"

"Nikupe mwakilishi? We mkoboa pumba?"

Nikaimwaga chai yote kwenye maua ya mwalimu mkuu. Darasa zima likashangilia, na ndivyo vita vilivyoanza. Tangu siku hiyo kila jioni alikuja kudai funda la kwanza, na kila jioni nilikataa. Nilikificha kikombe chini ya dawati, nilikinywa mbio hadi ulimi ukababuka, siku moja nilikitia pilipili. Maua yale yalikunywa chai mpaka nadhani yalikosa usingizi. Kodi hakuipata tena hata mara moja.

Jioni moja aliinua mkono, mambo ambayo hakuwa nayo.

"Mwalimu, hao walowezi si walikuwa watoto wa Waingereza wenyewe?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Kwa hiyo waliua ndugu zao."

"Ndiyo, tunaweza kusema hivyo."

"Na vita vilipokwisha, walikuja kuwa watani?"

Mwalimu akacheka, akaangalia muhtasari wake, akasema hilo halimo. Mngoni hakucheka. "Sasa siku ya msiba nani aliwachekesha?" akauliza. Na kweli kwenye mtihani halikuja. Lilikuja la sababu za walowezi kushinda, nikajaza kurasa tano nikiwa peke yangu kwenye dawati, nikapata C. Mimi nasema ilikuwa C nene. Ningeitoa yote ili swali lile alijibu yeye.

Maana wiki sita kabla ya mtihani, wakati wa mapumziko, hakuja kudai kodi. Alibaki ameegemea ukuta, mkono tumboni.

"Mtani," akasema, "tumbo linanikata. Niwahishe hospitali na hiyo pikipiki yako."

Nataka nieleze vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea. Sisi watani tunafishana kila siku. Mimi nilishamwandalia kaburi mara mia, yeye alishagawa mashine yangu kwa shemeji zake. Mtani akikwambia anakufa, wewe unauliza viatu vyake ni namba ngapi. Sikuwaza mara mbili.

"Mfalme anakimbia vita!" nikapaza sauti. "Kufa tu, mabuti yako nimeshayaona, yananitosha."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Kinachoniuma mpaka leo ni hicho, kwamba alicheka, amejikunja, jasho linamtiririka, kwa sababu mtani hakasiriki. Hakurudia kuomba. Akachukua baiskeli yake, akaikokota kuelekea nyumbani. Nikainywa chai yangu kwa raha, sina mdai.

Kesho yake usiku walimkimbiza hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Siku ya tatu nilikuwa nakoboa, mashine inanguruma, nikaja kukuta simu nane sijazipokea.

Msibani watani wake wengine walishaanza kazi. Mmoja alivaa yale mabuti, anatembea kwa kuyumba kama marehemu akitoka shambani, wafiwa wanacheka huku wanajifuta machozi. Mwingine alilala mlangoni kuzuia mtungi wa kahawa usipite. Kila mtu aliniuliza, "Wewe mkubwa wao mbona umechelewa?" Mimi, ninayeweza kuongea hata na mahindi, nikawapita wote. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kuni.

Mjane akanifuata huko. Nilimwambia yote, pikipiki, mabuti, kicheko.

"Aliniambia," akasema. "Alifika amejishika tumbo, anasema Mpogoro ameshachukua mabuti yangu."

"Alikasirika, shemeji?"

"Angekasirikaje? Wewe si mtani wake?" Akaokota kipande cha gome, akakivunja. "Mimi nilimwambia twende usiku ule ule. Akasema atalala kwanza, asubuhi ana shamba la mtu Mofu. Nikamwachia. Na mimi nilimwachia."

Akakaa kwenye kuni kando yangu. Sikujua nani amfariji nani.

"Mtani asiposimama njiani, ataondoka kama mtu asiye na watu," akasema mwishoni. "Usimfanyie hivyo. Nenda."

Kabla ya kwenda nilipita jikoni, nikawaomba akina mama kikombe cha chai.

Jeneza lilipotoka, nikasimama katikati ya njia. Wabebaji wakasimama. Katekista akafunga kitabu chake, anajua mambo yetu. Watu wakaanza kupiga kelele: "Hapiti! Mpogoro, mdai mpaka akome!" Walitaka nidai, ndiyo desturi, mtani anazuia maiti mpaka wafiwa watoe chochote.

"Mfalme," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Leo sidai. Nimekuja kulipa."

Nikamwaga funda la kwanza chini, karibu na miguu ya wabebaji. Kubwa, kama alivyolipiga siku ile. Darasa letu lote lilikuwepo. Wao ndio walielewa, wakacheka, mwalimu akacheka akalia hapo hapo. Wengine wakacheka kwa kuwafuata. Kisha kicheko kikaisha, kila mtu akanitazama.

Nilipaswa kupisha njia. Sikupisha. Nilibaki nimeshika kikombe, nimeangalia lile sanduku, nasubiri anijibu, anitukane, aniite mateka, aseme kodi haijatosha. Wabebaji walikuwa wanalowa jasho mabegani. Nikasubiri kidogo tena, halafu mtu akanishika mkono, taratibu, akanisogeza pembeni.