Chumvi Niliyoianika Motoni

Kosa hili ni langu peke yangu, na aibu yake bado ninayo.

Daktari mmoja, mtafiti, alikuja Rungwe kuchunguza gesi inayotoka ardhini kwetu, ile inayotia mapovu kwenye soda. Akanipa kibarua cha kumtunzia chupa. "Baba Tusa, humu mna chumvi iliyoshindiliwa gesi. Isiingie unyevu. Kazi yangu ya wiki mbili imo humu."

Asubuhi nikaichungulia. Chumvi yote ilikuwa majimaji, nzito kama asali. Kwa mvua ya Tukuyu, nikajua imeyeyukia mikononi mwangu na kibarua kimekwisha.

"Umeiweka sakafuni," mke wangu akasema. "Nani huweka chumvi sakafuni masika? Yangu iko juu ya moto, na haina daktari."

Alisema kweli. Nikalegeza kizibo, kikasonya. Nikaiweka chupa kando ya makaa. Ikatoa mapovu mengi, nikafurahi kwamba inakauka. Mapovu yakaisha, nikachochea moto mpaka jioni, lakini haikupungua hata tone. Nikalia.

Daktari aliporudi akaipima kwenye mizani, akarudia.

"Gesi yangu imekwenda wapi?"

"Gesi sijui, Daktari. Mimi nilitoa maji tu."

"Maji gani? Chumvi hii ndivyo ilivyo, majimaji, na haikauki. Gesi huzama ndani yake bila kuivimbisha. Ikipata moto, hutoka."

Akapitisha kidole kwenye kitako cha chupa, kikatoka na masizi.

"Baba Tusa, uliipika?"