Nyuzi za Marehemu Salwa

Wadad aliwashonea magauni ya harusi nusu ya wasichana wa mtaa wetu hapa Zahle, na yeye mwenyewe hakuvaa hata moja. Hakulizungumzia jambo hilo, nasi hatukumuuliza. Aliishi ghorofa ya juu yetu, na cherehani yake ikinyamaza tulijua umeme umekatika au yeye ameenda kanisani. Hakuwahi kufuga mnyama hadi alipovuka miaka sitini, paka mweusi alipoingia kwa dirisha siku ya mvua ya mawe akalala ndani ya kapu la vipande vya hariri. Akamwita Filfil, yaani pilipili manga, na tabia yake ikalikubali jina.

Mwaka uliofuata kaka yake Nakhle, kinyozi, alifiwa na mkewe, Salwa. Nyumba ikamshinda kwa upweke. Akahamia kwa dada yake na sanduku la nguo, redio, na boksi kubwa la mapambo ya Krismasi. Salwa ndiye aliyekuwa bingwa wa mapambo. Enzi zake watu walipanda ngazi kwenda kuutazama mti wake tu, wakashuka bila hata kunywa kahawa.

Siku ya Mtakatifu Barbara, mwanzoni mwa Desemba, ngano ya sikukuu ikichemka jikoni, Nakhle alileta msonobari, akausimamisha sebuleni ndani ya ndoo yenye mawe na maji. Akaanza kuupamba kwa vitufe vya kioo, taa, na juu ya yote nyuzi za kumetameta, zile nyembamba kama nywele. Filfil alikaa kitini akamtazama.

"Huyu paka wako ananikodolea macho kama askari wa kizuizi cha barabarani," Nakhle akasema.

"Anakuhesabia makosa," Wadad akajibu, macho yakiwa kwenye mshono.

Kabla ya chakula cha jioni vitufe viwili vilikuwa vimevunjika. Kesho yake paka akapanda hadi katikati ya mti, nao ukaanguka pamoja naye, maji yakamwagika kwenye zulia.

"Mfungie jikoni," Nakhle akasema.

"Jikoni kwa nani? Yeye aliingia kwa dirisha, wewe ukaingia kwa mlango. Wote wageni wangu."

Nakhle akausimamisha mti tena, safari hii akaufunga kwa waya kwenye kulabu ya dari. Wadad alimshikia kiti. Alipokuwa bado juu, Wadad akamwambia taratibu, "Kaka, mwaka huu hizi nyuzi ziache. Nimemwona akizitafuna."

"Hizi Salwa alizitandaza kwa mkono wake, tawi kwa tawi. Mti usio na nyuzi ni kichaka."

Wadad akaendelea kumshikia kiti. Aliona mfiwa hagombezwi.

Haikupita wiki, Filfil akaacha kula. Akatapika povu, kisha akajificha chini ya kitanda. Wadad alipomtoa na kumfumbua kinywa, aliuona uzi unaong'aa umejizungusha kwenye shina la ulimi, ncha moja ikishuka kooni.

Nakhle akavuta kiti. "Nishikie kichwa chake. Nauvuta mara moja tu, yamekwisha."

"Subiri nimpigie daktari."

"Daktari wa nini, Wadad? Ni uzi."

Daktari Hanin, yule wa wanyama mwenye kliniki barabara ya chini, alimsikiliza kwenye simu kisha akasema kwa sauti kali kidogo: wasiuvute hata kidogo, wala wasiukate. Ncha ya pili huenda imeshafika tumboni. Wakivuta, utumbo utajikunja juu ya uzi na kukatika. Wadad hakuhitaji maelezo zaidi, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akikunja marinda kila siku, kwa kuvuta uzi. Akamweka paka kwenye kapu la hariri, akachukua koti lake.

Theluji ilikuwa imeanza kushika barabarani. Nakhle aliendesha polepole, na kapu lilikuwa mapajani mwa dada yake.

"Akifa utanichukia?" akauliza.

"Endesha gari, Nakhle."

Filfil alipasuliwa mchana ule ule. Wakakaa kwenye chumba cha kungojea karibu na bibi mmoja mwenye kasuku. Daktari Hanin alipotoka alisema paka ataishi, ila wangechelewa mpaka kesho asingewaahidi kitu. Mkononi alikuwa na kibakuli cha chuma chenye nyuzi, zimelowa, zimepoteza mng'ao.

"Naweza kuzichukua?" Nakhle akauliza.

Daktari akamtazama, kisha akampa. Nakhle akazifunga kwenye leso, akaitia leso mfukoni. Wadad alikuwa amegeukia dirishani.

Walipofika nyumbani, Nakhle alisimama mbele ya mti na koti lake bado mwilini, akaanza kuzitoa zile zilizobaki, moja moja. Wadad akaingia jikoni. Akapasha kahawa moto, akainywa yake, kisha akaenda kutoa za upande wa pili. Nyuzi zote wakazitia kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, wakaiweka juu ya kabati. Vitufe vya kioo vikapandishwa kwenye matawi ya juu. Wadad akashona ndege na nyota za kitambaa kwa matawi ya chini, na ndoo akaifunika kwa ubao ili paka asinywe yale maji. Taa zikawa zinachomolewa kila wanapotoka, jambo ambalo Nakhle alilisahau mara kadhaa na kukumbushwa kila mara.

Filfil alirudi na mshono tumboni na kola pana shingoni. Aligonga miguu ya meza siku kadhaa, akawazaba vibao ndege wa kitambaa, akawachoka.

Siku ya Krismasi tulipanda sote kuwasalimia. Mume wangu aliutazama mti, juu unang'aa, chini vitambaa vitupu, akasema, "Mbona umenyolewa upande wa chini?"

"Kazi ya kinyozi," Wadad akasema.

Nakhle alicheka kidogo. Akampa mume wangu bakuli la meghli, uji mzito mtamu wa mchele na viungo, akamwambia aangalie asimkanyage paka.